Safari Isiyo na Msiba

Watu wa Ifakara hawasafiri hivihivi. Pana msiba Mahenge, pana kipaimara Kidatu, pana mtoto anaolewa Dar es Salaam, au pana ugonjwa uliowashinda madaktari wa hapa. Anayeondoka bila hata moja ya sababu hizo ana jambo analolificha. Mzee Wendelin, fundi matrekta mstaafu wa Lumemo, alizaliwa hapahapa, na hilo alipaswa kulikumbuka kabla hajafungua mdomo.

Lakini Jumapili ile furaha ilimzidi. Mpunga ulikuwa umeuzwa vizuri, na binti yake Angelina alikuwa amemtafutia kwenye simu chumba cha bei nafuu kando ya Bahari ya Kaspi, katika mji uitwao Aktau, nchini Kazakhstan, ambako Kirusi kinazungumzwa mpaka sokoni. Kirusi Wendelin alikuwa nacho. Alikisoma ujanani, enzi za Umoja wa Kisovyeti, alipopelekwa huko kujifunza ufundi, na likizo moja ya kiangazi wanafunzi walichukuliwa kwenda kuogelea kwenye bahari hiyohiyo. Aliporudi akamwoa Apolonia, akamwahidi kwamba iko siku atampeleka. Siku yenyewe ikachukua miaka thelathini na ushee. Sasa akataka kitu kimoja tu, amwone mkewe akifurahi kando ya maji yale.

Basi baada ya misa, nje ya kanisa, akawatangazia wanajumuiya kwamba mwezi wa nane yeye na mama wanakwenda ufukweni, ng'ambo.

"Mbona Zanzibar ni karibu, baba?" akauliza Levina, mwenyekiti wa jumuiya.

"Hoteli za Zanzibar ni za watalii. Huko ninakokwenda ni rahisi zaidi."

Levina akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alishasikia habari za watu wanaopelekwa India kutibiwa, na sasa akaelewa kwamba imepatikana nchi yenye nafuu. "Pole sana, baba," akasema.

"Pole ya nini? Siumwi!"

"Ndiyo, baba. Mungu ni mwema."

Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Jumanne akaletewa jogoo. Alhamisi jumuiya nzima ikahamia sebuleni kwake kusali rozari, wakamweka katikati, na wazee wenzake wakawa wanamkagua kiunoni kama suruali imeanza kupwaya. Wendelin alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto, halafu akala wali wao, maana angefanyaje.

Kilichomtia hofu ni Apolonia. Mwanamke aliyekuwa akimfokea kila siku kwa kuingia ndani na matope, sasa alifagia matope kimya kimya. Akamchagulia vipande vinono vya samaki. Jioni moja, akichambua mchele barazani, akauliza bila kuinua uso.

"Baba Angelina, ni kansa?"

Wendelin akacheka. Apolonia hakucheka.

"Mama Angelina, nakuapia, mimi ni mzima."

"Kama ni mzima, kwa nini unanipeleka kutembea?"

Wendelin akajaribu kukumbuka safari alizompeleka mkewe tangu wamefunga ndoa. Alimpeleka hospitali kujifungua. Alimpeleka kumzika baba mkwe, kisha mama mkwe. Nyingine hakuiona. Akajiambia kwamba Apolonia akishaiona bahari ataamini.

Huko Aktau mwenye chumba alikuwa mama mmoja mjane, Natalia, aliyewapokea kwa chai na mkate. Kirusi cha Wendelin kilichechemea mwanzoni, kisha kikanyooka. Mitaa haikuwa na majina, nyumba zilijulikana kwa namba tu, na chini ya miamba kulikuwa na bahari yenye chumvi kidogo, na familia nzima nzima zikila matikiti maji juani. Pazuri hasa. Apolonia alitandika khanga, akakaa, akaipa bahari nusu ya mgongo. Alikuwa akimwangalia mumewe. Wendelin akizama, yeye husimama. Maji yakimpalia akakohoa, yeye hufanya ishara ya msalaba. Siku zikapita hivyo, na Wendelin akaanza kujuta kuja.

Mchana mmoja, akitafuta taulo, akafungua begi la mkewe. Chini kabisa, chini ya vitenge, akakuta suti yake nyeusi imekunjwa vizuri, shati jeupe, rozari mpya na shuka jeupe ambalo halijawahi kutandikwa.

"Hii ya nini?"

Apolonia alikuwa amesimama mlangoni. Machozi yalishafika kidevuni. "Ningekuvika nini huku ugenini? Sijui hata sanda wanaiitaje."

Wendelin akakaa kitandani. Mkewe alikuwa amevuka nchi zote zile akiwa amebeba maziko yake, wala hakulalamika hata mara moja.

"Mama Angelina," akasema, "siumwi. Nimechelewa tu. Haya ningeyafanya tangu tuko vijana."

Wendelin akainuka, akavaa shati, akavaa suti, akafunga vifungo vyote katika joto lile, kisha akamnyooshea mkono. Walipopita jikoni Natalia akaacha vyombo, akasema jambo huku akicheka.

"Amesemaje?" akauliza Apolonia.

"Anauliza harusi iko wapi."

"Na wewe umemjibuje?"

"Nimemwambia bibi harusi ndiye huyu."

Apolonia akamfokea aache utoto mbele za watu, akamfokea mpaka ngazi zikaisha, na Wendelin hakuwahi kufurahia kufokewa kiasi kile. Ufukweni watu waligeuka kumtazama mzee mwenye suti. Apolonia akavua viatu, akaingia majini na gauni lake, yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, na hakugeuka hata mara moja kuangalia kama mumewe bado anapumua.