Mke Mwenza Asiye na Mwili

1.

— Jina la huyo mwanamke?

— Hana.

— Hulijui, au hana?

— Hana, mheshimiwa.

— Anaishi wapi?

— Humo humo anamoishi mume wangu.

— Mama Sifaeli, hapa ni Baraza la Kata. Tuna kazi.

— Na mimi nimekuja kwa kazi. Nimekuja kumshtaki.

Katibu akaacha kuandika. Mwenyekiti, Mama Yunisi, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya khanga, na kwenye mabenchi ya nyuma mtu akacheka halafu akajifanya anakohoa.

2.

Mama Sifaeli ni mimi. Jina langu ni Nakundwa na nina wivu. Naanza na hilo ili baadaye usije kusema nilikuficha. Dada yangu nilimwonea wivu kwa meno yake, jirani kwa kuku wake, na mwanangu Sifaeli alipoanza kunyonya chupa niliionea wivu chupa. Ndivyo nilivyo, na sijawahi kuona dawa yake.

Mume wangu anaitwa Mavura. Analima tangawizi kama wanaume wengi wa huku kwetu milimani Upare, na juu ya hayo kijiji kimemkabidhi kizibo. Kwa wewe usiye wa huku: maji yetu yanashuka kidogo kidogo, hayatoshi kumwagilia shamba. Kwa hiyo usiku tunayaacha yajikusanye kwenye bwawa dogo tunaloliita ndiva. Asubuhi mtu mmoja anachomoa kizibo, maji yanateremka kwa mfereji mpaka kwa mwenye zamu. Mtu huyo ni Mavura. Kazi yenyewe haina maajabu: unakaa, unangoja ijae, unachomoa.

Asubuhi moja alirudi na sura.

Sura.

Uso umelegea, macho yanang'aa, mdomo unataka kucheka na hauna haraka. Sura ile naijua. Nilishaiona mara moja tu, siku alipokuja kwetu na washenga, nami nikapita mbele yao na trei ya chai. Ilikuwa yangu ile. Nani tena kampa?

3.

KAMATI YA MAJI YA KIJIJI
TANGAZO KWA WAKULIMA WOTE

Mnaarifiwa kuwa siku ya Jumanne ndiva ilifurika na maji kupotelea bondeni, zamu ikiwa ya Bibi Naetwe. Mfungua kizibo, Ndugu Mavura, alipohojiwa alijibu, na hapa tunamnukuu: "Nilimtafuta wa kuchomoa kizibo, sikumwona." Kamati imejiridhisha kwa kuuliza mashahidi kwamba wa kuchomoa kizibo ni Ndugu Mavura mwenyewe, na kwamba alikuwepo, amekaa ukingoni, macho wazi, hajalala, hajalewa. Kamati haikulielewa jibu lake. Ndugu Mavura amepewa onyo. Bibi Naetwe atapewa zamu nyingine. Uzembe wa aina hii ukirudiwa, Kamati haitas

(Hapo karatasi imeishia. Mbuzi wa mtu ameila.)

4.

Yaliyosikika kwenye foleni ya mashine ya kusaga, wasemaji hawakujua kwamba nimesimama nyuma ya mlango na debe langu:

"Mwanaume hakai anatabasamu peke yake bure."

"Kuna mwanamke hapo."

"Na zamu ilikuwa ya nani? Si ya Naetwe?"

"Yoo! Naetwe yupi, huyu mwenye magoti mabovu?"

"Magoti mabovu, macho je?"

"Maskini Nakundwa. Na wivu wake ule."

"Atakufa."

Sikufa. Nilisaga mahindi yangu nikaenda nyumbani kukagua.

5.

Nilivyovikagua:

shati la shamba (jasho, moshi, tangawizi, manukato hakuna)

mifuko ya suruali (maharage ya mbegu, msumari)

simu (anayempigia sana ni fundi wa pampu, na huyo ni babu wa watu)

Naetwe, kanisani, kuanzia viatu hadi kilemba (hana habari na mtu, alisinzia mahubiri yote)

Mavura mwenyewe, akiwa amelala

Hakuna.

6.

Nikamfuata. Kulipoanza kupambazuka nilijibanza nyuma ya migomba iliyo juu ya ndiva, nikajifunga khanga kiunoni tayari kwa vita. Mavura akaja, akakaa ukingoni, akaweka mikono magotini. Nikangoja mwanamke atokee.

Hakutokea.

Mavura akaendelea kuangalia maji. Hakuvua samaki, hakuosha uso, hakuomba. Alikaa akayaangalia, na ile sura ikamjia polepole. Ndipo nilipolia kule migombani. Mwanamke ningejua pa kumshika, ningemvua kilemba mbele ya watu. Sasa huyu nitamshika wapi?

7.

Jikoni, mchana uleule. Mimi namenya ndizi, yeye kakalia kigoda.

"Baba Sifaeli, kule unaangalia nini?"

"Maji."

"Maji hata kwenye ndoo yamo."

Akacheka. Kisha akanieleza, na nakuandikia kama alivyosema.

"Siku ile nangoja ndiva ijae, nikajiuliza tu hivihivi. Maji nayaona, sawa. Nani anayaona? Nikasema, mimi. Haya, huyo mimi yuko wapi? Nikaanza kumtafuta. Machoni hayupo, macho yenyewe hayajui kitu. Kichwani nikakuta maneno yanapita, moja likiondoka lingine linakuja, wala hakuna anayeyatuma. Kifuani pumzi inaingia na kutoka bila kumwomba mtu ruhusa. Nikatafuta kote, Mama Sifaeli. Kuona kulikuwepo. Anayeona, sikumkuta."

"Hukuogopa?"

"Aogope nani sasa? Ilikuwa raha. Raha kama ile sijawahi kuipata."

Sijawahi. Hayo anayasema kakalia kigoda changu, anamwambia mkewe.

"Na mimi?"

"Wewe vipi?"

"Nilikuwemo?"

"Hakukuwa na mtu. Hata mimi mwenyewe si—"

"Habari zako sijauliza. Nauliza, mimi nilikuwemo?"

Angenidanganya ningemsamehe. Lakini alifikiri kwanza, akakunja uso, akatafuta kweli kweli kama nilikuwemo.

"Hapana," akasema.

Kesho yake nilikwenda kwa katibu wa Baraza.

8.

Wewe unayesoma, una mume? Una mke? Basi leo muulize chai ikoje. Atakwambia tamu. Umeambulia nini?

Mavura nimempikia chai tangu Sifaeli hajazaliwa. Najua anapenda tangawizi kiasi gani, najua akiwa na homa anataka sukari zaidi. Ila ikishafika mdomoni mwake inakuwaje, hilo sijui. Nikionja kikombe chake, naonja kwa ulimi wangu. Nimelala ubavuni mwa kichwa kile na sijawahi kuingia hata siku moja. Nilishakubali. Nilijiambia hakuna mke aliyewahi kuingia, basi wote tuko sawa, hakuna wa kumwonea wivu.

Kumbe mle ndani pana mahali. Tena pana raha. Mwenyewe kapaona, na alipopaona sikuwemo.

Hebu jaribu na wewe, hapo ulipo. Herufi hizi unaziona. Nani anaziona? Mtafute. Usinijibu haraka haraka "mimi" kama mtoto anayeitwa majina darasani. Mtafute.

Ukimpata, mwambie Nakundwa anamtafuta.

9.

BARAZA LA KATA
KUMBUKUMBU ZA SHAURI LA NDOA

MLALAMIKAJI: Nakundwa, mkulima.

MLALAMIKIWA WA KWANZA: Mavura, mkulima na mfungua kizibo. Yupo.

MLALAMIKIWA WA PILI: Jina halikufahamika, makazi hayakufahamika. Ameitwa mlangoni mara tatu kwa mujibu wa utaratibu. Hakuitika.

MAELEZO YA MLALAMIKIWA WA PILI:




MASWALI YA BARAZA:

Mwenyekiti: Baba Sifaeli, mkeo unampenda?

Mlalamikiwa wa kwanza: Nampenda.

Mwenyekiti: Sasa kinachokushinda ni nini?

Mlalamikiwa wa kwanza: Hakuna kinachonishinda. Nakaa tu.

Mjumbe: Mama, mwenzio hanywi, hapigi, hana nyumba ndogo. Unataka nini zaidi?

Mlalamikaji: Nataka aniangalie kama anavyoyaangalia yale maji.

(Mwenyekiti aliomba maji ya kunywa.)

UAMUZI WA MUDA: Kwa kuwa Baraza lina uzoefu wa kusuluhisha wanaoonekana tu, linaagiza kwamba siku ya Jumatano mlalamikiwa wa kwanza ampeleke mlalamikaji kwenye ndiva na kumwonesha huyo anayelalamikiwa, au pale anapopatikana. Siku ya Alhamisi mlalamikaji atarudi mbele ya Baraza kueleza kama anataka suluhu au anataka hati ya kwenda mahakamani kuomba talaka.

10.

Naomba na mimi Mavura niseme, maana huku kote nasemewa.

Ilitokea mara moja.

Ile Jumanne ya kufurika, basi. Tangu hapo nakwenda kila asubuhi, nakaa palepale, najiuliza swali lilelile, na kila nikiuliza najikuta nipo. Nipo, nimejaa tele, na magoti yangu na deni la usingizi, nimekodoa macho nangoja raha ije. Haiji. Ile sura aliyoiona mke wangu kutoka migombani (nilimwona, khanga yake ni nyekundu) naivaa mwenyewe. Nafikiri labda nikiivaa, na kile kilichoileta kitarudi.

Namwonea wivu yule mtu aliyekaa pale Jumanne ile. Na yule hata hakuwepo.

Barazani nilitaka kuyasema haya, nikasema nakaa tu. Nitamwambiaje Mama Sifaeli kwamba ananigombania na kitu ambacho chenyewe kimeshaniacha? Atacheka kwanza. Halafu ataniuliza kwa nini basi sikurudi kwake, na hapo nitajibu—

11.

Jumatano. Mimi tena, Nakundwa.

Tulikwenda pamoja, yeye mbele mimi nyuma. Ndiva ilikuwa inakaribia kujaa. Akanionesha pa kukaa, nikakaa palepale kwenye jiwe lake, makusudi, yeye akakaa kando.

"Usitafute kwa nguvu," akasema.

"Nimekagua mifuko yako yote. Kutafuta hunifundishi."

Nikaanza na wivu, kwa kuwa ndio ninaoujua vizuri. Uko wapi? Uko hapa, chini ya koo, unachoma. Sawa, unamchoma nani? Mimi. Mimi yupi? Yule wa meno ya dada alikuwa msichana, hayupo tena. Yule wa trei ya chai nikimtafuta napata trei tu, na mikono iliyoishika. Huyu wa leo, aliyekalia jiwe, nikimgeukia nimwone naye anageuka. Nikasema leo nitampata. Nitampata mwenye wivu nimkabidhi mzigo wake, aniachie mume wangu, na nika



maji



ndege kashuka, anakunywa



joto chini ya koo, la nani



maji



Kilichonirudisha ni mvumo. Mavura alikuwa amechomoa kizibo, na maji yalikuwa yanateremka mferejini kwa kishindo.

Jambo la kwanza nililolijua baada ya kurudi ni hili: sikuhisi kumkosa Mavura. Alikuwa ubavuni mwangu, bega langu linagusa la kwake, nami sikumkumbuka hata kidogo. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa kwake. Hakunitoa mle. Hapakuwa na mtu wa kumtoa mwenzake. Nikaelewa vizuri kabisa, na kuelewa hakukunisaidia chochote, kwa sababu wivu nao ulikuwa umesharudi umekaa mahali pake, chini ya koo, na nilipoona uko pale nilipumua. Angalau huo naufahamu.

Nikageuka. Mavura alikuwa ananiangalia usoni.

Hayakuwa macho ya mume anayemwangalia mkewe tu. Macho yale nayajua, ni yangu. Ndiyo niliyomtazamia dada yangu alipocheka, ndiyo niliyokagulia mifuko. Kizibo kilikuwa bado mkononi mwake, kinamchuruzikia gotini, wala hajali.

"Umefika," akasema. Kisha sauti ikapungua. "Mama Sifaeli. Umefika?"

Nikakitazama kizibo.

"Mimi nimekaa hapa siku zote hizi sijarudi kule hata mara moja. Sikukwambia. Na wewe umekaa leo tu." Akaushika mkono wangu, akaukaza. "Niambie. Ilikuwaje? Ndani yako ilikuwaje?"

Nimezaa na mtu huyu. Nimemzika mama yangu nikiwa kwake. Nimeugua malaria nikaona kuta zinatembea. Nimesimama kanisani nikaimba peke yangu mpaka watu wakalia. Hata siku moja, kwa lolote kati ya hayo, hajawahi kuniuliza ndani yangu ilikuwaje.

Kesho ni Alhamisi. Mama Yunisi atavaa miwani yake aniulize ninataka nini, na mpaka sasa sijui nitamjibu nini.

"Nakundwa," akasema Mavura. Aliniita kwa jina.

Akasogea karibu zaidi, mdomo wazi, ananingoja niseme. Nikamwacha angoje.