Sikio la Mtamba Mwekundu

Zamani, honi ikilia kule mlimani, kijiji chote cha Kifanya kilijua kwamba Methusela Mligo anakuja. Wanawake waliacha majembe wakatazame, na lori lake lilipita limesheheni magome ya miti ya miwati. Jumapili ile ya Juni alikuja kwa miguu. Gideoni alimwona tangu bondeni, mtu mrefu katika koti la sufu lililobakiwa na kifungo kimoja, na alijua kilichomleta.

Lori la kwanza lilimtajirisha Methusela. La pili alilichukua kwa mkopo, likatumbukia mtoni na shehena yake. Duka lake la Makambako likaenda, nyumba ya bati ikafuata. Sasa baraza la Njombe lilikuwa limekata shauri: akitoa ng'ombe watatu, deni limekwisha. Wakipungua, jela miezi mitatu. Na ng'ombe wake wa mwisho walikuwa hapa Kifanya, katika zizi la mjane Dorkasi, mama yake Gideoni.

Zizini mlikuwa na watatu kamili: ng'ombe mzee, mwanawe dume, na mtamba mwekundu. Ng'ombe yule mzee aliletwa miaka minane nyuma, Methusela alipompa rafiki yake Ezekia amtunze na kunywa maziwa. Kwa desturi, ndama wa tatu huwa wa mtunzaji, na mwenye mali humkata ncha ya sikio mbele ya watu, iwe alama. Mtamba alikuwa wa tatu, baada ya dume na mwingine aliyekwisha kuuzwa. Lakini alipozaliwa, Ezekia, baba yake Gideoni, alikataa kuita watu.

"Nimwekee Methusela mashahidi?" alisema. "Hiyo si kumtukana?"

Mwaka uliofuata alifariki, na sikio likabaki zima.

Jumamosi iliyofuata mtamba yule alitakiwa Ipelele, awe mahari kwa wazazi wa Bertila, mchumba wa Gideoni. Walikuwa wamemsubiri Gideoni mara mbili. Mara ya tatu, walisema, watampokea mwingine.

"Kamwene, shemeji," Dorkasi alimsalimu mgeni mlangoni. "Mbona umekonda hivyo?"

"Nimeacha kupanda lori, mama Gideoni. Miguu nayo inakula."

Dorkasi alicheka, Gideoni hakucheka. Walipokuwa wanakula viazi na maharage alifungua kinywa aulize, na mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza. Mgeni haulizwi habari za zizi akiwa na chakula mkononi. Methusela akala, akaomba sala ndefu, akaenda kulala. Mtamba hakumtaja.

Gideoni hakusinzia. Kama Methusela angesema wote watatu ni wake, nani angembishia? Sikio zima lingemuunga mkono. Kulipopambazuka, umande ukiwa umeganda majanini, alichukua kisu akaenda zizini.

Methusela alikuwa huko tayari, mkono juu ya mgongo wa mtamba. Alikitazama kisu.

"Tarishi wa baraza anakuja leo, naye ana macho, mwanangu. Kidonda kibichi kitakupeleka ndani wewe."

"Basi sema wewe, mtamba huyu ni wa nani."

Mzee alitazama kando. "Miezi mitatu. Kwa umri wangu, na baridi hii."

"Baba yangu alikuamini."

"Najua. Unadhani mimi nimelala?"

Gideoni alisimama pale vidole vikifa ganzi, hadi kengele ya baiskeli iliposikika njiani. Alikuwa Alois, tarishi wa baraza, na daftari lake kwapani. Aliwatazama ng'ombe mmoja mmoja.

"Watatu. Wote wako, mzee?"

Methusela alikishika kile kifungo kimoja, akakizungusha. Dorkasi alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Wawili," alisema Methusela.

"Na huyu mwekundu?"

"Wa Ezekia."

"Sikio zima hili." Alois alishusha sauti. "Mzee, mimi sina ugomvi na wewe. Nikiandika wawili, unajua utalala wapi."

"Andika wawili. Gideoni, lete kisu chako."

Methusela alikata mara moja tu. Mtamba alirusha kichwa, damu ikamrukia mzee kotini.

"Umeona, tarishi?"

"Nimeona."

Sasa wawili wale walitakiwa kufikishwa Makambako kwa mdai, safari ya siku tatu, na kutoka hapo Methusela aende kifungoni. Aliokota fimbo. Gideoni akawaona kichwani mwake watu wa Makambako, wale waliokuwa wakigombania nafasi katika lori lake, wamejaa vibarazani kumtazama akiswaga ng'ombe. Akamnyang'anya ile fimbo.

"Tangulia na tarishi, baba. Mchungaji wako ni mimi."

"Na Jumamosi yako?"

"Leo Jumatatu. Nitarudi Ijumaa."

"Njia mbaya hii. Ng'ombe mzee huyu hana mwendo."

"Nitarudi."

Methusela alifunga kifungo chake, akatangulia. Nyuma yao Dorkasi alikuwa akipaka majivu sikioni, na mtamba akimlilia mama yake. Ng'ombe mzee alisimama, akageuza shingo, akagoma. Gideoni alimchapa, akatazama jua limefika wapi, akamchapa tena.