Foleni ya Kuwasha

Jana alasiri niliota ndoto hii nikiwa nimelaza shavu juu ya kibodi ya kompyuta ya mke wangu, Hosana.

Ijumaa nilikuwa nimemwekea mfumo mpya uitwao Linux, kwa sababu kompyuta ilikuwa nzito kufunguka na mimi nikajifanya fundi. "Dakika ishirini tu," nilimwambia. Tangu hapo kila ikiwashwa inaonyesha kistari cheupe kinachopepesa gizani, basi. Na humo ndimo ulimo utafiti wake: mahojiano ya kinamama mia mbili na kumi na wanne, aliyoyakusanya kwa miguu kwenye milima ya Njombe kwa miezi saba. Siku ya kuuwasilisha ni Jumatatu. Nilimdanganya kwamba kompyuta inajisasisha.

Basi kistari kikaacha kupepesa, kikasema, "Ingia, usisimame mlangoni."

Nikaingia. Ndani ni ofisi ya kata, kuta zimepakwa kijani hadi kiunoni. Kuna foleni mbele ya dirisha. Wa kwanza ni flashi, ileile niliyotumia kuweka Linux, kavaa kifuniko chake kama kofia. Nyuma yake ni diski ya kompyuta, amekumbatia bahasha nene.

"Unangoja nini, mzee?" namuuliza flashi.

"Kuwasha kompyuta. Mimi ndiye wa kwanza."

"Una mfumo wowote ndani?"

"Nilikuwa nao. Ulinifuta, ukaniwekea nyimbo za kwaya."

"Sasa mbona hupishi wenzako?"

"Hakuna aliyenichomoa."

Namshika mabega, namchomoa. Ananishukuru, anatoka nje akiimba sauti ya besi.

Diski anasogea dirishani. Mlinzi aliye ndani hamtazami hata usoni. "Sahihi iko wapi? Mgeni hawashi kitu hapa bila sahihi."

Diski ananigeukia. Nami nikigeuka, ofisi imekuwa zahanati anakofanya kazi Hosana. Kinamama mia mbili na kumi na wanne wamekaa kwenye mabenchi, watoto mgongoni, wananitazama.

"Mwalimu," anasema mmoja wao, "maneno yetu umeyaweka wapi?"

Nikasikia meno yakigongana chini ya meza. Nikainama. Ni mzee mdogo mwenye sweta, anatetemeka mwili mzima.

"Wewe nani?"

"Kiini cha mfumo. Nimepatwa na hofu. Siuoni mzizi, pale faili zote zinapoanzia, na bila mzizi siwezi kuendelea."

"Uko wapi huo mzizi?"

"Mizizi hukaa wapi? Chimba!"

Nikachimba sakafu ya zahanati kwa kijiko cha dawa. Jasho likanitoka. Nikapata kitu, nikampa.

"Hiki ni kiazi mviringo," akasema. "Kiazi mviringo ni shina."

Mimi hufundisha biolojia. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani. Nikarudi kuchimba kwa haraka zaidi, shimo likanifika kiunoni, kinamama wakaanza kusogeza mabenchi yao ili wasitumbukie.

"Baba Winfrida," sauti ikasema juu yangu, "unachimba nini kazini kwangu?"

Alikuwa Hosana, na sare yake nyeupe.

"Mzizi."

"Wa nini?"

Nikajaribu kusema kompyuta inajisasisha. Mdomo ukakataa. Nikamwambia yote: kwamba haiwaki, kwamba nimekosa usingizi tangu Ijumaa, kwamba sikutunza nakala hata moja, kwamba nilimwogopa.

Akanipa mkono, akanitoa shimoni.

"Mwenye data ni nani?" mlinzi akauliza kutoka dirishani.

"Mimi," akasema Hosana.

"Kwa nini hukuitwa mapema? Weka dole gumba."

Akachovya dole kwenye wino wa zambarau, akalikandamiza juu ya bahasha ya diski. Chini ya meza yule mzee akaacha kutetemeka. "Nimeuona," akasema. Kinamama wote wakasimama kwa pamoja, na kwa kishindo cha mabenchi nikazinduka.

Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma. Kioo kilikuwa kinadai nywila. Flashi ilikuwa mezani, imechomolewa, na sikumbuki kuigusa.

Hosana alikuwa kwenye sinki, amenipa mgongo, maji yanatiririka.

"Mama Winfrida," nikasema, "kuna jambo nataka kukuambia kuhusu kompyuta."

"Ulishaniambia," akajibu, huku akiongeza sabuni. Alikuwa anasugua dole gumba, na maji yaliyoshukia sinkini yalikuwa ya zambarau.