Injini Iliyoazimwa kama Ngamia wa Maziwa

Haya nilihadithiwa na Fatumo, mtoto wa dada yangu, Ijumaa iliyopita baada ya Alasiri, tukichambua mchele.

Ruqiya wa mtaa wa Iftin, Garissa, ndiye mwenyekiti wa akina mama wanaosafirisha maziwa ya ngamia kutoka Takaba hadi Nairobi kwa ndege yao ndogo. Siku moja fundi wao, Bonaya, akamwambia injini imebakiza saa kumi na mbili za kuruka, kisha lazima ipelekwe karakana ikafunguliwe.

"Basi ipelekwe!"

"Mama Ruqiya, foleni ni miezi minane. Injini hizi za tabaini dunia nzima inazigombania. Mashirika ya ndege yanazitaka, meli zinazitaka, na sasa watu wa umeme wanang'oa hata za ndege kuukuu, wapate stima ya kulisha makompyuta."

"Makompyuta yanakula kuliko ngamia?"

"Ngamia hushiba."

Ruqiya alicheka, lakini usiku hakulala. Miezi minane bila ndege, maziwa yangechacha njiani na akina mama wa Takaba wangeuza ngamia wao mmoja mmoja.

Garissa nzima injini nyingine ya aina ile ilikuwa moja tu, ya Deeq, ambaye ndege yake ilivunjika bawa. Ameifungia kwenye kontena. Kila asubuhi anatazama bei kwenye simu, anaona imepanda, anasema atauza kesho.

Ruqiya akamfuata soko la mifugo, Bonaya nyuma yake, akamkuta anakunywa chai na wenzake.

"Sikuja kununua, walaal, ndugu yangu. Nimekuja kuomba ngamia wa kukamua."

Vikombe vikasimama hewani. Kwao, asiye na maziwa huazima ngamia kwa jamaa. Atakamua, lakini mnyama na ndama wake ni wa mwenyewe. Kumnyima ni aibu mbele ya watu.

"Ile ni chuma, Ruqiya! Chuma kina chuchu?"

"Saa tutakazoruka tutakulipa. Yetu ikirudi, chukua yako ukauze."

"Na bei ikipanda?"

"Itapanda ikiwa yako bado."

Bonaya akauliza polepole, "Umeitia mafuta ya kuihifadhi lini, mzee? Ngamia asipokamuliwa hukauka."

Deeq akatazama chai yake. "Kumbe inatiwa mafuta?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa na chai. Deeq akatoa ufunguo, kontena likafunguliwa siku ileile. Kutu ilikuwa imeanza nje tu. Bonaya alisema mwezi mmoja zaidi, Deeq angeuza vyuma chakavu. Injini ikasafishwa, ikafungwa, wakaguzi wakapiga mhuri.

Siku ya kuruka, Deeq akaja na kengele ya mbao ya ngamia wake. "Ijulikane ni wa nani."

"Kwenye injini, hapana!" Bonaya akamaka. Wakaitundika ndani, juu ya mitungi ya maziwa.

Ruqiya alipanda kwenda kuwaambia akina mama wa Takaba kwa mdomo wake kwamba wasiuze ngamia. Kengele ikagonga ko, ko, ko, kama kundi linarudi nyumbani. Hawajafika Modogashe, alikuwa ameegemea mitungi mitupu, anakoroma.