Chotara Aliyevuka Ruvu

Kuanzia Magindu hadi ng'ambo ya Ruvu, upande wa Kisarawe, kila mfugaji anaijua sheria hii: mnyama wako akiua ng'ombe wa mwenzako, unalipa ng'ombe; ukikana kwa kiapo mbele ya wazee kisha ukabainika, unamuua mnyama huyo kwa mkono wako. Anayekaidi, mifugo yake hainywi maji ya mtu.

Ng'ombe aliyeuawa alikuwa wa Magembe, mkazi wa Magindu, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea bintiye Maria tangu mama yake alipofariki.

Khalfani, tajiri wa Kisarawe mwenye ng'ombe wengi Magindu, alifuga chotara kwake, ng'ambo ya mto: baba simba, mama chui-milia, naye akawapita wazazi wake wote wawili kwa ukubwa. Wazee walipokusanyika kando ya uzio wake, Khalfani alicheka.

"Bwana Magembe, huyu ni simba. Simba na maji wapi na wapi? Na mto umefurika. Kawaulize shemeji zako, huenda walishikwa na njaa wakamchinja."

Watu wakaangua kicheko. Magembe hakucheka.

"Unaapa?"

"Naapa."

Hapo ndipo Magembe alipotoa paja la mbuzi katika kikapu, akalirusha juu ya uzio, likaangukia katikati ya bwawa lililokuwa ndani. Chotara hakusita. Alijitosa, maji yakamfika shingoni, akaogelea kwa mikono mipana, akarudi na paja mdomoni.

"Damu ya mama," alisema Magembe. "Chui-milia haogopi maji. Ndivyo alivyotoka mtoni siku ile, nikimwona."

Kicheko kilikatika. Khalfani aliinamisha kichwa. "Mvua iliangusha uzio. Nitalipa, Magembe. Chagua ng'ombe umtakaye."

Mzee Kibwana, mkuu wa baraza, akamgeukia Magembe. "Ulimwona kwa macho yako, na ukanyamaza hadi mwenzako alipoapa?"

"Ndiyo, mzee wangu. Ningesema mapema, angelipa ng'ombe, yakaisha."

Mzee hakupendezwa. Lakini kiapo kilikwisha kutamkwa.

Khalfani alileta bunduki yake. Chotara, aliposikia sauti ya bwana wake, alisogea hadi kwenye uzio akidhani ameletewa chakula kingine, akausugua wavu kwa shavu. Khalfani alimwita kwa upole, kisha akafyatua.

Magembe hakugeuza uso. Alisubiri hadi ubavu wenye milia hafifu ulipoacha kupanda na kushuka.

"Tumemalizana," akasema, akachukua kikapu chake.