Shayiri ya Rogato

Namfamo alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia pale Rogato alipopita na kifurushi chake, akielekea nje ya boma. Hakuna aliyemtazama. Ghafla askari wote wa hema lao walikuwa na kamba za kukaza na viatu vya kupaka mafuta.

Kosa lake ni kusinzia lindoni. Alikuwa na homa, lakini homa si utetezi mbele ya akida. Sheria ilitaka apigwe marungu hadi afe. Akida, kwa huruma zake, akampunguzia. Alale nje, jangwani, na badala ya ngano apimiwe shayiri, chakula cha nyumbu wa mizigo. Tena shayiri nzima. Na jiwe ni moja kwa kila hema, sasa mtu asiye na hema atasagia nini? Meno?

Jiwe hilo huzungushwa na watu wawili waliokabiliana. Miaka yote upande wa pili alikaa Rogato. Leo Namfamo alisaga peke yake, na ilimuuma.

Alasiri, kutoka ukutani, alimwona mwenzake akitafuna punje na kuzitema. Akashuka, akalifunga jiwe kwa kamba, akajitwika.

Mustio, mkubwa wa hema, akamzibia njia. "Jiwe letu unalipeleka wapi, mzee?"

"Kwa mwenzetu."

"Lango likifungwa, shauri yako. Wavamizi wa jangwani hawabishi hodi."

"Nimelala naye ndani ya hema moja miaka yote hiyo, Mustio. Nipishe."

Mustio akasonya, akampisha.

Huko nje Namfamo akalitua jiwe mbele ya Rogato. Rogato akashika mpini upande wake. Wakasaga, wakaoka mkate mweusi majivuni, wakala. Pembe ikalia, lango likafungwa, Namfamo akiwa bado nje.

Asubuhi lango lilipofunguliwa, wenzao walitoka na mifuko yao ya ngano, maana ngano bila jiwe ni kokoto tu. Akida aliwatazama kutoka ukutani, asiwazuie. Amri yake haikumkataza mtu kulifuata jiwe lake. Wakachuchumaa, kila mmoja akingoja zamu.

Mustio alikuja mwisho, blanketi begani. Akamfunika nalo Rogato bila kumtazama usoni.

"Sogea, mzee," akamwambia Namfamo. Akakaa mahali pake, akashika mpini, akamngoja Rogato naye ashike wake.