Asubuhi ya Mei Juu ya Daraja

Nilikuwa nimesimama juu ya ukingo wa daraja, mkoba wangu wa kanisani umening'inia mkononi, na umati mzima uliojaa chini ya mnara ulikuwa ukinipigia kelele, "Ruka, mama! Ruka!" Wengine walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Kuna mmoja alipuliza tarumbeta. Kando yangu, peku, alisimama mwanangu Lorna, amenitumbulia macho kama mtu aliyefungua mlango akakuta ng'ombe sebuleni.

"Mama, shuka," alisema bila kufungua meno. "Unanitia aibu."

"Ukiruka, naruka," nikamjibu. "Na kuogelea sijui, unajua mwenyewe."

Naandika haya kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao wanatamani kwenda Oxford siku ya kwanza ya Mei, kusikia kwaya ikiimba alfajiri juu ya mnara. Sisemi msiwapeleke. Wapelekeni. Mji ule ni mzuri kupita nilivyoweza kufikiri, na mimi nilizaliwa mwendo wa basi moja tu kutoka pale. Nasema mjue uzuri wenyewe unamfanyia nini mtoto wa miaka kumi na saba.

Kwetu ni Witney. Nilikuwa nafuma mablanketi kiwandani, na Oxford tulikuwa tukienda kwa daktari wa macho au kununua sare za shule. Kuta za vyuo tulizipita kama unavyopita ukuta wa jirani tajiri, bila kugeuza shingo. Kisha mwalimu wa Lorna akasema mtoto afanye mtihani wa kuingia chuo kikuu kule. Mimi nilifurahi hadi nikaunguza viazi. Lorna akakataa.

"Wataniangalia viatu tu, mama, basi, watajua nimetoka wapi."

Nikaona nimpeleke siku ambayo mji unakuwa wa kila mtu. Tulipanda basi la alfajiri, na saa kumi na mbili ilipokaribia tulikuwa tumebanwa darajani, chini ya mnara wa chuo kimoja, ubaridi unapanda kutoka mtoni. Wanafunzi walikuwa hawajalala tangu jana; wavulana katika suti nyeusi na tai za kipepeo, wasichana katika magauni marefu yaliyolowa umande kwenye pindo. Palikuwa na kelele za soko. Mara saa ikagonga, na watu wote wakanyamaza, ghafla, kama mtu amefunika chungu.

Juu kabisa, mahali ambapo huwezi kuona sura wala midomo, watoto wa kwaya wakaanza kuimba.

Sijui Kilatini. Sauti ilishuka nyembamba, ikapotea upepo ulipogeuka, ikarudi. Ilikuwa inamwagika juu ya mawe yale ya rangi ya asali, na jua nalo lilikuwa likiyashukia mawe hayohayo, mpaka ukashindwa kujua kipi unakisikia na kipi unakiona. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia. Nilimtazama Lorna. Machozi yalikuwa yanamtoka na hata hakuyafuta. Nikasema moyoni, huyu ameshaingia. Mtihani ni karatasi tu.

Kengele zikalipuka. Watu wakakumbatiana na wasiowajua. Hapo ndipo kijana mmoja, mrefu, suti imekunjamana, chupa mkononi, alipomgeukia Lorna.

"Mimi naitwa Giles. Wewe wa chuo gani, dada?"

Lorna akataja chuo. Chuo cha kweli kabisa, kwa sauti ya mtu aliyeamka humo. "Mwaka wa kwanza," akaongeza.

Nilisikia. Uso wake uling'aa hivi kwamba nikatazama pembeni, nimwachie kidogo. Hakumtazama viatu hata mara moja, yule kijana.

"Mwaka wa kwanza? Basi leo ni zamu yako! Mwaka wa kwanza wote wanaruka."

Tayari wawili walikuwa wamesharuka upande wa pili. Tulisikia maji yakipasuka na watu wakishangilia, ila kutoka mahali petu hatukuona wametokaje. Kabla sijapata neno, Lorna alikuwa amevua viatu na mikono ya watu inampandisha. Nataka mnielewe hapa, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hakuna aliyemsukuma. Hakuna aliyemtakia mabaya. Walimshangilia tu, na walikuwa watu wa furaha, wenye sura nzuri, nao ndio aliotaka kufanana nao kuliko kitu kingine chochote duniani.

Niliita. Kengele zilinimeza sauti. Nilijaribu kumshika kifundo cha mguu, umati ukanisogeza kando. Mbele yangu walikuwa wanaume wawili, wachezaji wa ngoma ya Mei, njuga zimewajaa miguuni na kofia zao zimejaa maua kama bustani.

"Nipandisheni," nikawaambia.

"Wewe, mama? Na mkoba?"

"Nipandisheni, nimesema!"

Wakadhani ni mzaha wa sikukuu. Wakaninyanyua kama gunia la sufi, njuga zikilia.

Ndivyo nilivyofika juu pale. Kutoka juu mto haukuonyesha chini yake. Ulikuwa umebeba mnara mzima, kichwa chini, na anga nyuma ya mnara, na ukiutazama unaamini kina chake ni kirefu kama mnara wenyewe. Nikayumba. Sikuigiza. Viatu vyangu vya kisigino viliteleza kwenye jiwe lenye umande.

"Lorna," nikasema, "nishike. Naanguka."

Akanitazama. Umati ulikuwa unahesabu, "Moja! Mbili!" Nikaona hasira imemjaa hadi mdomoni, na chini ya hasira nikamwona yule mtoto wangu wa siku zote. Akanishika kiuno kwa mikono miwili.

"Usitazame chini, mama. Nitazame mimi. Kaa kwanza. Kaa."

Tukaketi. Umati ukazomea, "Aaaah!" Giles akacheka, akainamisha kichwa kutusalimu kama waziri, akapanda kando yetu, akaruka.

Sauti haikuwa ya maji. Ilikuwa kama ubao kuvunjwa gotini. Shangwe zilipaa, kisha zikaisha kidogo kidogo, kuanzia kwa walio karibu na ukingo kwenda nyuma. Miezi ya kwanza ya mwaka ule haikuwa na mvua, na mto ulikuwa umepungua. Giles alikuwa ameketi mtoni na maji yanamfika kifuani, ameketi, anautazama mguu wake kwa mshangao, kama ameletewa mguu wa mtu mwingine.

Lorna alikimbia kuliko wote. Nilimkuta ukingoni mwa mto, yule kijana ameshatolewa majini, naye amemfunika kwa koti lake, wakingoja gari la wagonjwa. Meno ya Giles yalikuwa yanagongana.

"Nilikudanganya," Lorna alimwambia. "Mimi sisomi hapa. Natoka Witney."

Giles akajaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. "Mimi nasoma hapa," akasema. "Hebu niangalie."

Tulipanda basi la kurudi, Lorna akikaa dirishani. Kijiji baada ya kijiji kilipita dirishani, miti ya matofaa imechanua. Karibu na kituo chetu akauliza, akitazama nje, "Huo mtihani ni mwezi gani?"

Giles alipona, nilisikia, ingawa anachechemea. Lorna alisoma Oxford miaka mitatu. Kila alipoondoka nyumbani nilimfuata na maneno hadi mlangoni: kula, vaa soksi, funga dirisha. La daraja sikulitaja hata siku moja. Lakini wiki nzima kabla ya tarehe moja Mei nilikuwa nakosa usingizi, daraja lile machoni.

Mwaka wake wa kwanza, asubuhi hiyo, simu ililia kabla sijaweka birika motoni. Alikuwa kwenye kibanda cha simu cha barabarani. Nilisikia umati nyuma yake.

"Mama? Niko chini. Nimesimama kwenye lami, miguu yote miwili. Sasa nyamaza, wanaanza kuimba."

Akautoa mkono wa simu nje ya mlango wa kibanda, ili nami nisikie.